Mfuko wa Nyuma

Walimwita Mama Pindo. Hakuwa na mtoto wa jina hilo. Jina lilimganda kwa sababu hakuweza kuona pindo limefumuka mwilini mwa mtu akanyamaza. Alikuwa radhi kumsimamisha bwana mwenye suti katikati ya barabara amwambie, "Baba, samahani, mguu wa kushoto umeachia," na kama bwana mwenyewe si mkali, angepiga goti palepale na sindano yake. Watu walisema siku atakayokufa atakutwa na uzi mdomoni.

Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, mlango unatazama barabara. Ndani mlikuwa na vyerehani viwili, kimoja cha kukanyaga na kimoja cha umeme chenye tabia ya kukata uzi kikichoka. Ng'ambo ya barabara, nyumba ya tatu, aliishi mama yake pamoja na mdogo wake wa kiume na mke wa huyo mdogo wake.

Mdogo mtu alikuwa fundi wa paa. Kenchi, ndivyo mafundi wenzake walivyombatiza, maana hakukuwa na mtu wa kusimamisha kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zikakaa sawa kama yeye. Alitembea juu ya boriti kama mtu anayetembea sebuleni kwake, penseli sikioni, rula ya kukunja ikichungulia kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Hadi asubuhi moja ya manyunyu, juu ya paa la ghala, alipokanyaga papi, ubao mwembamba wa kupigilia mabati, nalo lilikuwa na fundo, likakatikia pale pale kwenye fundo. Alianguka chali. Hakuzimia. Aliwaambia wenzake wasimnyanyue, kisha akawauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Niangalieni viatu. Mbona sivisikii?"

Miezi mitatu alilala hospitali. Aliporudi nyumbani alirudi juu ya kiti cha magurudumu, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na habari. Ungeweza kumfinya paja hadi ukucha uzame, naye anakutazama tu.

Kazi kubwa ya kila asubuhi ikawa kumvalisha. Mama yake na mkewe walimlaza, wakamviringisha upande huu, wakavuta suruali kidogo, wakamviringisha upande ule, wakavuta kidogo tena. Nusu saa nzima, jasho likiwatoka wote watatu. Siku suruali ilipopasuka mikononi mwao, Kenchi alicheka, kisha akageukia ukutani. Mama Pindo alikuwa amesimama mlangoni. Alichukua ile suruali iliyopasuka, akavuka barabara kurudi kwake.

Alianza kwa kumvua mtu yule kichwani mwake. Alijiuliza: mtu aliyekaa siku nzima, nguo yake inakaaje? Suruali za watu wote zimekatwa kwa ajili ya mtu aliyesimama. Ukikaa, kiuno cha nyuma kinashuka na mgongo unabaki wazi, mbele kitambaa kinajikunja tumboni. Basi akakata kiuno cha nyuma juu zaidi na cha mbele chini zaidi. Akapasua mishono yote miwili ya pembeni kutoka kiunoni hadi chini ya goti, akatia zipu, ili suruali itandazwe kitandani kama shuka, mtu alazwe juu yake, kisha afungwe. Ndani ya kiuno alishona vitanzi viwili vya kitambaa vya kutia vidole na kuvuta. Mbele akaacha nafasi ya kupitisha mrija wa mkojo, ikafunikwa na utepe wa kunata, ule wa viatu vya watoto unaolia krrr ukiuachanisha.

Aliupeleka mfano wake hospitali kwa sista wa vidonda, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza ambaye wagonjwa walimwogopa kuliko daktari. Sista aliigeuza suruali ndani nje, akapitisha kiganja kwenye sehemu ya makalio.

"Hapa umeweka mshono wa katikati."

"Nimeulaza, sista. Mwembamba."

"Uhamishe. Sikiliza, fundi. Mtu asiye na hisia ni kama mtu aliyelala huku nyumba inaungua. Moto upo, yeye haamki. Anapokalia pasiwe na kitu. Si kifungo, si mshono mnene, si mfuko. Patupu kama kiganja cha mkono. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Na kweli walielewana. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye: kwamba aliambiwa, tena kwa Kiswahili kisicho na mafumbo, na akaelewa.

Suruali ya kwanza ilikuwa ya kitambaa laini cha kijivu. Kuivaa kulichukua dakika nne. Wifi yake alizihesabu kwa saa ya ukutani, akapiga makofi. Kenchi aliivaa siku tatu. Siku ya nne alikataa.

"Dada, umefanya kazi nzuri," alisema. "Ila hii ni nguo ya mgonjwa. Ukinitazama unajua tu huyu kavalishwa."

"Si umevalishwa kweli?"

"Ndiyo sababu sitaki ijulikane." Alijaribu kucheka. "Nishonee jinzi. Jinzi ya kawaida, yenye mfuko wa nyuma, na vile vishikizo vya shaba kwenye pembe. Nimevaa jinzi tangu nianze kupanda paa. Mguu umeondoka, kazi imeondoka. Hata makalio nayo mnanibadilishia?"

"Sista amekataza mfuko."

"Sista anavaa suruali yangu?"

Mama Pindo akamweleza habari ya nyumba inayoungua. Kenchi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole, "Dada, mtaa mzima ukinipita unanitazama kuanzia kiunoni kwenda chini, kisha ndiyo unanisalimia. Nipe tu kitu cha kutazamwa." Dada yake, aliyembeba mgongoni tangu ana umri wa miezi minane, akaona bora sista akasirike kuliko mdogo wake aendelee kufa kidogo kidogo mbele ya macho yake.

Akashona jinzi. Mifuko miwili ya nyuma, mishono maradufu ya uzi wa rangi ya chungwa, kishikizo cha shaba kila pembe, juu na chini. Wifi yake alipoipokea alipitisha kidole gumba juu ya shaba.

"Wifi, hivi vyuma havitamchoma?"

"Wewe pika, mimi nishone," Mama Pindo alimjibu, kwa utani, lakini utani wenye mfupa ndani yake.

Ikawa kama Kenchi kafufuka. Alijisukuma hadi barabarani, akakaa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi walipozoea kukutana mafundi, akarudi jioni sauti imemkauka kwa kubishana habari za mabati. Alipokwenda kliniki, wenzake wa viti vya magurudumu walimzunguka. "Hii umeinunua wapi?" Wiki haijaisha, watu sita walikuwa wamempigia simu Mama Pindo. Dereva mstaafu wa malori, mnene, mcheshi. Mwalimu. Ndugu wawili waliopata ajali moja. Kijana fundi wa redio. Na mwanamke aliyekuwa akiuza viatu, mtu wa maneno machache, aliyeagiza mifuko yake iwe mikubwa kidogo. Mama Pindo alishona zote sita, zenye shaba zote, na alipokuwa akishona aliimba.

Wiki ya tano Kenchi alipata homa. Walidhani ni mafua. Siku ya pili, mkewe alipokuwa akimwogesha, alipiga kelele.

Walipofika hospitali sista wa vidonda alimlaza Kenchi kifudifudi, akavaa glavu. Ndani ya chumba walikuwa mama, wifi na Mama Pindo. Kidonda kilikuwa upande wa kulia, chini, pale mfupa wa kukalia unapokutana na kiti: duara jeusi, si kubwa kuliko sarafu, na kukizunguka nyama imeiva nyekundu. Sista aliligusa lile duara, na kidole chake kikazama. Juu ni tundu, ndani ni shimo.

"Nani anamgeuza usiku?"

"Mimi," alisema wifi.

"Kila baada ya saa mbili?"

"Kila baada ya saa mbili, sista. Natega simu."

"Na mchana anajiinua kwenye kiti?"

"Namkumbusha. Wakati mwingine yuko barabarani, simwoni, lakini..."

"Kidonda hiki hakikujileta," alisema sista.

Mama mtu alikuwa ameshika mwimo wa mlango. "Analala kama gogo huyu," alisema. "Mimi nilisema. Simu inalia mpaka naisikia mimi chumba cha pili, yeye anakoroma. Aliolewa na mwanangu, sasa anamwozesha akiwa hai."

"Mama!" Kenchi alisema, mdomo umezama kwenye mto.

Wifi alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo, na macho yake yakasimama kwa Mama Pindo. Yalikaa hapo. Mama Pindo alikuwa akilitazama lile duara jeusi. Alikuwa ameshapima watu miaka ishirini na minane, hakuhitaji utepe. Upana wa vidole vinne kutoka mshono wa kati, upana wa kiganja kutoka mkunjo wa paja: pembe ya chini ya mfuko wa kulia. Alijua kama anavyojua jina lake.

Alifungua mdomo. Akasema, "Atahitaji mashuka ya kubadilisha. Ngoja nikayalete."

Akaenda. Lakini nyumbani kwa mama yake hakwenda kabatini moja kwa moja. Jinzi ilikuwa imeanikwa kwenye kamba uani, imekauka. Aliianua, akavuka nayo barabara, akafunga mlango wa chumba cha kazi na kukaa chini ya dirisha na kifumulio mkononi. Alifumua mfuko wa kulia, akafumua wa kushoto. Shaba alizing'oa kwa koleo, nane, moja baada ya nyingine, akazisokomeza ndani ya kopo la vifungo. Matundu aliyaziba kwa kutarizi nyuzi za rangi ile ile, kazi safi hata yeye mwenyewe ilibidi ainamishe jinzi kwenye mwanga ndipo ayaone. Halafu akairudisha kambani. Halafu ndiyo akachukua mashuka. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Kenchi alilazwa. Alhamisi walimkata nyama iliyooza. Ijumaa mama yake aliita kikao, kikao cha watu watatu, uani, na mbele ya Mama Pindo akamwambia mkwewe maneno ambayo mtu hamwambii hata mbwa aliyemla kuku. Kwamba ni mzembe. Kwamba amechoka kukaa na kilema na anamsubiria afe ili awe huru. Wifi alimsikiliza akiwa amesimama. Mama mtu alipomaliza, wifi akaingia ndani, akafunga nguo zake kwenye mfuko mmoja, akatoka.

"Nitakuwa kwa kaka yangu," alisema. "Atakayetaka kunijulisha hali ya mume wangu, simu anayo."

Alipita karibu sana na Mama Pindo, hata bega likamgusa. Mama Pindo alisema, "Wifi..." na neno likaishia hapo. Lango likafungwa.

Siku zile alijitetea peke yake, mchana kutwa, kama wakili asiye na hakimu. Sista mwenyewe kasema ni kugeuza. Mto wa kiti nao umechakaa. Kenchi anakaa mno barabarani. Wangapi wanapata vidonda bila mifuko ya shaba? Kila hoja aliipa miguu, na kila moja ilifika mahali ikaketi chini, ikakataa kuendelea. Mwisho akaamua kupima. Alikuwa na kitambaa cha jinzi kilichobaki. Akajishonea suruali kwa kipimo chake, mfuko wa nyuma na shaba zake zote, akaivaa Jumatatu ya pili asubuhi baada ya chai, akakaa kwenye kiti cha mbao, akajiambia: nitakaa kama anavyokaa Kenchi, na nitaona kama shaba ndogo hivi inaweza kumtoboa mtu.

Hakumaliza hata nusu saa. Aligundua kwanza kwamba mwili una akili zake: kila mara alipoacha kujichunga, nyonga ilikwishahama, bila ruhusa, ikaenda kutafuta raha upande wa pili. Aliirudisha. Ikahama tena. Akashika kiti kwa mikono miwili, akatulia kwa nguvu, na hapo shaba ikaanza kusema. Kwanza ilisema kwa adabu. Kisha ikachimba. Kisha ikawa haipo tena pale peke yake, imepanda hadi mgongoni na kushuka hadi nyuma ya goti, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Alivumilia. Alitaka kushinda kesi. Ikafika hatua akaruka juu kwa ghafla kama aliyekalia jivu la moto, akabaki amesimama katikati ya chumba, anahema, akafikiria mtu ambaye hakuna sauti inayomfikia, amekaa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, anabishana habari za mabati.

Alikuwa bado amesimama hivyo aliposikia magurudumu mlangoni. Alikuwa dereva mstaafu, jasho limemwenea, kofia mkononi.

"Mama Pindo! Hee, na wewe umehamia kwenye jinzi? Umependeza, nisikudanganye. Nimekuja kuongeza ya pili. Ile ya kwanza siivui, mke wangu anasema nitazikwa nayo."

"Tangu lini hujaivua?"

"Ni maneno tu, mama. Usiku naivua."

"Leo umeivaa tangu saa ngapi?"

"Alfajiri. Kuna nini?"

Mama Pindo aliushika utepe wa kupimia. Angeweza kupima kiuno, akaandika, akamwambia aje wiki ijayo. Angeweza ya pili kuishona bila mfuko, asema shaba zimekwisha sokoni. Mawazo hayo yote yalipita, na kila moja lilikuwa na sura nzuri. Akasema, "Mzee wangu, nakuomba tumwite mkeo. Nataka akuangalie nyuma."

"Unanitongoza au unanifukuza?"

"Mzee, tafadhali."

Dereva aliacha kucheka. Mkewe alikuja, wakamlaza juu ya meza ya kukatia nguo, Mama Pindo akatoka nje akasimama barabarani. Alisikia mama yule akisema, "Kuna wekundu hapa. Nikibonyeza hauondoki." Kisha sauti ya dereva, ndogo kuliko alivyowahi kuisikia: "Upande gani?"

"Pande zote mbili."

Mama Pindo akaingia, akamweleza kila kitu, hapohapo, mzee amelala kifudifudi juu ya meza na mkewe ameshika kofia. Akamwambia asivae tena, asikalie hadi wekundu uondoke, aende leo hii kwa sista. Mkewe alisema, "Na ulijua tangu lini?" Mama Pindo akamjibu, "Tangu siku ya kwanza. Niliambiwa nikashona." Mama yule aliikunja ile jinzi, akaiweka juu ya cherehani bila kuitupa, na kitendo hicho cha adabu kilimuuma kuliko angepigwa nayo usoni.

Mchana huo alikwenda hospitali. Sista wa vidonda alimsikiliza akiwa amesimama, mikono imefungwa kifuani.

"Ngapi ziko nje?"

"Zilikuwa saba, ukihesabu na ya mdogo wangu. Sasa tano."

"Majina na simu. Kaa hapo, andika. Kulia utalia nyumbani."

Akaandika. Kufikia jioni sista alikuwa amewapata mwalimu, wale ndugu wawili na fundi wa redio. Mmoja wa ndugu alikuwa na alama, wengine walikuwa salama. Simu ya muuza viatu iliita hadi ikakata.

Kisha akaingia wodini. Kenchi alikuwa amelala kifudifudi, kidevu juu ya mikono iliyokunjwa, kama mtu aliyelala juu ya paa akichungulia chini. Mama Pindo alichuchumaa ili nyuso zao ziwe sawa. Akasema yote, pamoja na kifumulio na koleo na kamba ya uani.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," alisema Kenchi. "Mimi miaka yote nilidhani wanazungumzia chawa."

Mama Pindo alijikuta anacheka, na kicheko kikageuka katikati ya njia kikawa kitu kingine. Kenchi hakucheka.

"Dada, mfuko niliutaka mimi," alisema. "Ulinikatalia, nikakushika pabaya. Hilo tugawane nusu kwa nusu, sina neno. Lakini mke wangu. Alisimama humu ndani akatukanwa, na wewe uko hapo ulipo, umeona kidonda kina sura ya shaba yako. Ukaenda kuleta mashuka."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Kuonekana."

"Basi hiyo ni yako peke yako. Mimi siichukui hata robo." Akageuza uso upande wa pili, kitu pekee alichoweza kugeuza bila kusaidiwa. "Nenda ukamrudishe. Ukishindwa usije hapa."

Mama yao, alipoambiwa, alikaa juu ya kitanda chake na kusema, "Yaliyopita si ndwele. Mtoto anatibiwa. Kwa nini tuyachimbe?"

"Kwa sababu ulimtukana mtu asiye na kosa, mama."

"Na wewe uliniacha nimtukane! Ulikuwa na mdomo!" Mama mtu alipiga goti lake kwa kiganja. "Nimeishi hadi mvi zote hizi sijaaibika mbele ya wakwe. Leo mwanangu wa kunizaa ndiye ananivua nguo." Hakukubali kwenda. Mama Pindo alikwenda peke yake.

Kaka wa wifi alikuwa seremala, na nyumba yake ilinuka vumbi la mbao hadi jikoni. Wifi alikuwa akifua nyuma ya nyumba, mbele ya beseni. Alimwona mgeni, hakuinuka, akaendelea kufikicha kola ya shati. Mama Pindo alizungumza akiwa amesimama, kwa kuwa hakukaribishwa kiti. Alipomaliza, wifi alisuuza mikono, akaikausha kwa upindo wa gauni.

"Ulifumua siku gani?"

"Jumatano."

"Mimi niliondoka Ijumaa."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza kuhusu vile vyuma. Unakumbuka ulinijibu nini?"

"Nakumbuka."

"Sema."

Mama Pindo alisema. Maneno yale manne, ambayo siku ile yalikuwa utani, yalitoka mdomoni sasa yakiwa hayana hata tone la utani. Seremala alikuwa ametokea mlangoni, randa mkononi, naye aliyasikia.

"Unajua kilichoniuma zaidi?" wifi alisema. "Niliamini. Usiku nilikaa hapa nikijihesabia. Labda kweli nililala. Labda simu ililia na sikusikia. Siku kumi na mbili nimejiona muuaji, na shaba ziko kwenye kopo lako."

Mama Pindo alipiga magoti. Hakuwa amepanga. Wifi alimtazama, kisha akamwambia, bila ukali, "Inuka, unalowa." Kweli, maji ya sabuni yalikuwa yakimpita chini.

Wifi alirudi, lakini kwa masharti yake. Mama mkwe alikuja mwenyewe hadi nyumba ya seremala, na akasema mbele ya seremala kwamba amekosa. Alisema kwa sauti ndogo, seremala akamwomba arudie, akarudia. Kenchi alilala kifudifudi miezi minne. Shimo lilijaa nyama polepole, kutoka ndani kuja nje, na mahali pake pakabaki kovu gumu ambalo sista alisema si la kuaminiwa milele: anaweza kukaa, lakini kwa saa chache, kisha alale. Duka la vifaa vya ujenzi alilitembelea mara mbili kwa wiki badala ya kila siku. Alivaa jinzi. Dada yake alikuwa amepata njia: mfuko wa nyuma wa rangi tu, umechorwa kwa rangi ya kupakia kitambaa, uzi wa chungwa na shaba vikiwa picha, ukipitisha kiganja hupati kitu. Kutoka hatua tatu hakuna aliyejua. Kenchi alijua. "Sawa," alisema alipoiona, akaivaa.

Na hakuna nguo iliyotoka kwa Mama Pindo tangu hapo bila wifi kuipitisha mikononi. Hilo lilikuwa sharti lake la mwisho. Alikuja asubuhi akishamaliza kazi za mumewe, akakaa karibu na dirisha, akageuza kila suruali ndani nje na kuikagua kwa upande wa nyuma wa mkono, pale ngozi ilipo nyepesi. Kosa akilipata aliliwekea pini na kuisukuma nguo upande wa Mama Pindo. Waliongea habari za kazi. Za nyumbani hawakuongea.

Jinzi ya muuza viatu haikupatikana. Walikwenda alikokuwa amepanga. Mwenye nyumba alisema alikwishahama, ndugu zake walikuja na gari kumchukua, wapi hakuuliza. Kliniki hakurudi tena. Sista aliandikia hospitali mbili za mbali, hakujibiwa. Mama Pindo aliandika namba ya mwanamke yule karatasini, akaibandika ukutani mbele ya cherehani, na kila asubuhi kabla ya kutunga uzi aliipiga. Kwa muda iliita. Kisha ikawa haiiti, sauti ya mashine tu ikisema mteja hapatikani. Aliendelea kuipiga. Njiani alipoona kiti cha magurudumu kwa mbali alikaza mwendo, wakati mwingine alikimbia, mkoba ukimpiga ubavuni, hadi amfikie mwenyewe na kuona si yeye.

Asubuhi moja wifi, ambaye alikuwa amekaa dirishani na suruali ya mtu mapajani, alimtazama akishusha simu kutoka sikioni.

"Bado?"

"Bado."

"Alikuwa akiuza viatu wapi, kabla ya ajali?"

Mama Pindo alifikiri. "Karibu na stendi ya zamani. Alisema alikuwa na jirani anayeuza mikoba."

Wifi alikunja ile suruali, akaiweka kando, akachukua viatu vyake chini ya kiti. "Basi leo twende tukamuulize huyo wa mikoba," alisema. "Funga mlango."